Baba Yetu, Mpiga Besi Aliyevua Viatu

Baba, mwaka umekatika. Ilikuwa Jumanne asubuhi, saa mbili kasoro, ulipomwomba muuguzi akufungulie dirisha. Akafungua. Alipogeuka kukuuliza kama upepo unakutosha, ulikuwa umeshatutoka.

Watu walituambia tujihadhari na mwaka wa kwanza, maana ndio mgumu. Walisema kweli, ila hawakutuambia ugumu wenyewe unakaa wapi. Siku ya mazishi tulisimama imara. Miezi miwili baadaye Mama alifungua droo akitafuta uzi mweupe, akakuta soksi zako jozi kumi na moja, visigino vimetiwa viraka kwa nyuzi za kila rangi. Akaketi sakafuni, akazipanga mapajani moja moja. Kisha akasema, "Huyu mzee amenishonesha viraka miaka thelathini na nne, na hakuna aliyewahi kukiona hata kimoja." Hapo ndipo sote tulipolia.

Familia imeniteua mimi, kitinda mimba wako, niandike maneno haya. Kaka alisema nina mwandiko mzuri. Dada alisema mimi ndiye mwenye jambo la kukuambia. Kaka alitaka tu kukwepa kazi, unamjua. Dada alisema kweli.

Wasiokujua watauliza soksi zina nini. Basi nao wasikilize.

Studio yenu ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuta zilibandikwa trei za mayai na mablanketi makuukuu, na feni ilizimwa kila mlipoanza kurekodi kwa sababu maikrofoni ilikuwa ikiisikia. Wiki yako ya kwanza, ukiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, fundi mitambo alisimamisha utepe mara tatu. "Nani anagonga mlango?" akauliza. Hakuna aliyekuwa akigonga. Ilikuwa ni mguu wako, ukihesabu mapigo sakafuni kwa kiatu cha ngozi. Fundi akakutazama juu ya miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akasema neno moja tu: "Vua."

Ukavua. Tangu siku ile hukupiga tena besi ukiwa na viatu, hata siku waziri alipotembelea studio akaleta wapiga picha. Mama anasema aliolewa nawe akijua kwamba ana kazi ya soksi ya kudumu.

Hukuwa na bendi. Mwimbaji alikuja na wimbo wake, akihitaji besi uliitwa wewe. Ulisikiliza mara ya kwanza umefumba macho, mara ya pili umeyafumbua, mara ya tatu ulipiga, na mara nyingi hapakuwa na haja ya mara ya nne. Ulipigia kwaya, ulipigia nyimbo za mapenzi, za harusi, za kuaga wafu. Ulipigia tangazo la sabuni ambalo watoto wa mtaa mzima waliliimba kwa miaka, na hakuna aliyejua kwamba ile "dum-dumdum" iliyowafanya wacheze ilitoka katika nyumba ya tatu kutoka kona, kwa mzee mpole mwenye kaptula ya kaki aliyekuwa akimwagilia bustani ya mchicha.

Gitaa lako ulilitunza kuliko baiskeli yako, na baiskeli uliitunza kuliko meno yako. Mama alilipa jina la Bi Mdogo. "Msikimbie sebuleni," alikuwa akitukemea, "Bi Mdogo amepumzika." Mgeni mmoja, shangazi wa mbali, alisikia hivyo akavaa viatu vyake kimya kimya akaondoka bila kuaga. Ikabidi Mama amkimbilie hadi barabarani kumweleza kwamba mke mwenza mwenyewe ni wa mbao na ana nyuzi nne tu.

Ulikuwa na kigugumizi, Baba. Tunaliandika jambo hili hapa kwa sababu mwenyewe mwishoni ulituruhusu. Majina yetu watoto yalikupa taabu, hasa langu. Basi ukatutungia noti. Kaka alikuwa noti tatu za kupanda. Dada mbili, moja juu, moja chini. Mimi nne, na ya mwisho uliivuta. Ukiguna noti zako hukukwama hata mara moja. Kina baba wengine wakiwaita watoto wao kwa kufoka, wewe uliguna kutoka uani, na kila mmoja alijua anayeitwa ni nani na kama amekosa. Noti zangu zikitoka haraka haraka, nilijua sahani niliyoivunja imeonekana.

Kwenye majalada ya santuri hukuandikwa. Aliandikwa mwimbaji, mtunzi, mwenye studio, hata aliyepiga picha ya mwimbaji akiwa ameegemea gari la mtu. Siku moja Kaka, akiwa darasa la tano, alichukua kalamu akakuandika kwenye majalada yote ya pale nyumbani: "Besi: Baba yangu." Tulijua atachapwa. Ulirudi, ukayatazama moja baada ya jingine, ukavuta kiti. Kisha ukamwonyesha jinsi ya kuandika herufi ndogo ndogo zilizonyooka, ili angalau zionekane kama zimechapwa kiwandani.

Hukulalamika. Watu wengi walidhani hujali, na sisi pia tulidhani hivyo. Tulikosea, na kosa letu lina chanzo.

Chanzo chake ni redio. Nilikuwa na miaka tisa. Mtangazaji mmoja, rafiki wa fundi mitambo, alitaka kukuhoji Jumamosi alasiri katika kipindi cha wanamuziki. Ulikataa mara mbili, ya tatu ukakubali. Mama aliita majirani. Alitandika mikeka, akaiweka redio juu ya cherehani yake, akaifunika kitambaa kipya kama bibi harusi. Mtangazaji akakukaribisha kwa bashasha, akasema, "Hebu waambie wasikilizaji, wewe ni nani?"

Tukasikia pumzi yako. Tukasikia herufi ya kwanza ya jina lako, tena na tena, kama mtu anayejaribu kuwasha pikipiki kwenye mvua. Kisha kimya. Kwenye redio kimya kifupi ni kirefu sana. Mtangazaji akacheka, akasema, "Naona mgeni wetu ni mtu wa vitendo kuliko maneno," akaweka wimbo, na baada ya wimbo hakukurudia tena. Majirani waliaga mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka kazi aliyoiacha kwake.

Ulirudi kwa miguu. Mama alisema, "Maji ya kuoga yapo." Ukaoga. Hakuna aliyelitaja jambo lile, wala siku ile wala baadaye. Lakini mimi niliuona uso wako ulipoingia mlangoni, na nikajiapia moyoni, kwa akili yangu ya miaka tisa, kwamba hakuna mtu atakayekufanyia hivyo tena.

Studio ilifungwa ulipokuwa na miaka hamsini na sita. Vinanda vya umeme vilikuwa vimejifunza kuiga besi, na kinanda hakivui viatu wala hakihitaji nauli. Mwenye studio aliwaita, akawapa mikono. Wewe uliomba trei moja ya mayai kutoka ukutani, ukaja nayo nyumbani ukaitundika chumbani. Mama akauliza, "Na hii ni ya nini?" Ukamjibu, "Ya ku-kumbukumbu." Akaiacha, ingawa ilikuwa ikivuta vumbi kama sumaku.

Ukapata kazi ya kutunza stoo ya shule: chaki, majembe, mipira iliyopasuka. Uliipenda. Jioni ulipiga Bi Mdogo bila kumwunganisha na umeme, na tukitaka kukusikia ilitubidi tukaribie kabisa. Fundi mitambo alifariki. Mpiga ngoma alifariki. Tukadhani hadithi imeishia hapo.

Hatukujua kwamba kuna dereva wa lori anakutafuta.

Huyu alikuwa ameendesha malori ya masafa marefu miaka ishirini na miwili, na rafiki zake wa safari walikuwa kaseti. "Kaseti haina sura ya mtu," alituambia baadaye, "unabaki na masikio yako tu." Na masikio yake yakagundua jambo. Katika nyimbo za waimbaji tofauti, wa miaka tofauti, palikuwa na mahali pamoja pa aina moja: kabla tu ya kiitikio, besi inanyamaza, unadhani mpigaji amesahau, halafu anaingia akiwa amechelewa kidogo kama unywele, na wimbo mzima unainuka kama mtu aliyeshikwa mkono. Dereva alianza kuandika majina ya nyimbo hizo kwenye boksi la biskuti alilolikunjua. Boksi lilipojaa akatafuta jingine.

Alipopata simu ya kisasa akagundua hakuwa peke yake. Palikuwa na mwalimu wa hisabati, kinyozi, mama mmoja muuza vitambaa, daktari wa meno, na wengine waliokuwa wakibishana juu ya mkono huohuo. Wakaunda kundi, wakajiita Watu wa Chini, kwa kuwa kila wimbo walikuwa wakiusikiliza kutoka chini. Na kwa kuwa hawakujua wewe ni nani, wakakupa jina: Mzee Subira. Walizozana kweli kweli. Kinyozi aliapa kwamba ulishakufa. Daktari wa meno alishikilia kwamba ninyi ni watu wawili, ndugu. Mwalimu alichora jedwali kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja mwenye mkono wa kulia mzito.

Hatimaye walimpata mjane wa fundi mitambo. Mama yule akawasikiliza wee, kisha akasema, "Mnamtafuta yule wa soksi? Mbona yupo. Anatunza stoo ya shule."

Baba, sasa nafika pale Dada aliposema nina jambo la kukuambia.

Macho yako yalikuwa yamepungua nguvu, na simu yako nilikuwa nikiipokea mimi. Dereva alipopiga mara ya kwanza alianza kwa kuomba radhi. "Samahani dada yangu," alisema, "hapo ni kwa mpiga besi?"

"Nani anauliza?"

"Mimi ni… mimi ni msikilizaji tu. Tupo wengi. Tungependa tumwone mzee, tumpe ahsante. Tumeandaa kaukumbi, tunataka aje aseme neno mbele ya watu."

Niliposikia "aseme neno mbele ya watu," nikaiona redio juu ya cherehani. "Baba hapendi mambo ya watu," nikamwambia, na nikakata.

Alipiga tena baada ya miezi mitatu. Nikamwambia umesafiri. Akaandika barua, barua ya kurasa nne yenye majina ya nyimbo mia na ushee. Nikaisoma bafuni, nikaikunja, nikaiweka kwenye mkoba wangu. Mimi ni karani wa mapokezi, Baba. Kazi yangu ni kuwaambia watu kwamba daktari hayupo wakati namsikia akikohoa nyuma ya mlango. Nilikufungia mlango kwa ustadi uleule, miaka miwili mizima. Niliona nakulinda. Sikukuuliza.

Katika miaka hiyo miwili moyo wako ulianza kuchoka. Miguu ilivimba. Vidole, ambavyo havikuwahi kukuangusha, vikaanza kuchelewa bila kutaka.

Siku moja natoka kazini alasiri nikakuta lori limezuia njia yetu yote. Mwenye kioski analalamika, mbuzi wa jirani wamejilalia kivulini chini ya tela. Nikatazama juu. Ulikuwa ndani ya kichwa cha lori, milango yote miwili wazi, viatu vyako vimepangwa vizuri kwenye ngazi ya lori. Pembeni yako mwanamume mnene mwenye fulana ya mistari alikuwa amefumba macho. Kaseti ilikuwa ikicheza. Wote wawili mlikuwa mkitikisa vichwa kwa pamoja, kama watu waliofahamiana tangu utotoni.

Ulishuka polepole. Ulinitazama.

"N-nani alimwambia sitaki?"

"Mimi, Baba."

"Uliniu… uliniuliza?"

"Hapana, Baba."

Dereva akajifanya anakagua tairi. Ukasema, "Miaka mi-miwili," ukaingia ndani.

Siku mbili hukuniita. Noti tatu za Kaka nilizisikia, mbili za Dada nilizisikia alipokuja kutuona, zangu hazikutoka. Mama hakuniingilia. Aliniwekea chakula na kusema, "Haya ni yako na baba yako." Nilitamani unifokee kama kina baba wengine, yaishe.

Siku ya tatu, nikiwa nafua uani, nikasikia noti nne kutoka chumbani, ya mwisho ikavutwa. Nilikuja na mikono yenye povu. Ulikuwa umeketi kitandani na barua ya kurasa nne mkononi. Mama alikuwa ameitoa mkobani mwangu. Ukanionyesha nikae. Ulichukua muda wako. Sikukumalizia neno hata moja, ingawa tangu utotoni nilikuwa na tabia hiyo.

"Uliniona nikia-anguka mara moja," ulisema, "ukadhani si-sijui kuinuka."

Ukaniwekea mkono kichwani, mzito kama zamani. Kisha ukasema, "Ha-haya. Mpigie. Mwambie na-nakuja. Na umwambie kinyozi si-sijafa."

Ukumbi ulikuwa wa chuo cha ufundi, kilekile Kaka alichosomea majokofu. Jumamosi alasiri, mabenchi ya karakana yamesukumwa kando, viti vya plastiki vya rangi tatu. Dereva alitarajia tukute watu thelathini. Tulikuta zaidi ya mia, wengine wamesimama madirishani. Kuna mzee aliyekuja na mkongojo na redio yake mwenyewe, eti haziamini za watu. Kuna wasichana wawili waliokuwa hawajazaliwa ulipopiga wimbo wako wa mwisho. Kinyozi alipokuona alishika kichwa, akasema, "Mzee, nisamehe, nilikuzika," na ukumbi wote ukaangua kicheko, nawe ukacheka mpaka ukakohoa.

Dereva aliweka wimbo wa kwanza. Ulipokaribia kiitikio akabonyeza kitufe, ukakatika. Na watu wale wote, mia na zaidi, wakainyamazia nafasi ile kwa urefu wake kamili, halafu wakaingia pamoja kwa midomo yao, "dum… dumdum-du," sauti nzito iliyotetemesha vioo vya madirisha. Walipiga hivyo nyimbo saba. Hakuna aliyeimba maneno. Mama alikuwa amevaa gauni aliloshona kwa ajili ya siku ile, na alijifunika uso kwa kiganja, akisema chini chini, "Kumbe walikuwa wanasikia. Kumbe walikuwa wanasikia."

Halafu mwalimu wa hisabati akasema kwa adabu, "Mzee wetu, kama utapenda, tuambie neno lolote. Kama hutapenda, pia tumefurahi."

Ulisimama. Ulifungua mdomo, na ikawa kama ile Jumamosi nyingine: pumzi, herufi, pumzi. Nikainuka kutoka kitini, sijui nilitaka kufanya nini, pengine kupiga makofi, pengine kusema umechoka. Mama akanivuta gauni. "Kaa chini," akasema bila kunitazama. "Hawana haraka hao."

Nikakaa, nikageuka kuwatazama watu. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyeangalia saa wala kutazama sakafu kwa kukuonea haya. Kinyozi alikuwa ameegemeza kidevu kwenye kiganja, uso umetulia kabisa. Muuza vitambaa alikuwa akitabasamu. Walikusubiri, Baba, kama walivyokuwa wakikusubiri kwenye kaseti zao miaka yote ile, wakijua kwamba utaingia.

Na ukaingia. Hukusema habari zako. Ulisema, "Mpiga ngo-ngoma," ukamtaja kwa jina lake na la baba yake, ukataja nyimbo zake, ukasema alipiga mmojawapo akiwa na homa na ndoo miguuni pake. Ukawataja dada watatu waliokuwa wakiitikia, ambao kwenye majalada waliandikwa "na wengineo," ukasema yupi alikuwa na sauti ya juu na yupi aliwafundisha wenzake. Ukamtaja mpiga kinanda aliyekuwa haoni. Ukamtaja fundi mitambo, na mjane wake akasimama pale nyuma akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Mwalimu alitoa daftari akaanza kuandika. Wino ulipomwishia, kalamu nyingine ilitoka safu ya nyuma, ikapita mkono kwa mkono mpaka ikamfikia. Ilikuchukua dakika arobaini. Watu kumi na tisa uliwataja, na kila jina ulilipigania.

Mwisho ukasema, "Hao nao wa-waandikwe." Ukaketi, ukamwomba Mama maji.

Nyumbani siku ile ulikula sahani mbili. Mjukuu wako, yule tunayemwita Pilipili, alikuuliza, "Babu, kwa nini hukujitaja mwenyewe?" Ukafikiri, ukamjibu, "Mimi ni-nilikuwapo. Wa-walikuwa wananiona." Ni kweli, hata sisi hatukuwa tumewaza hivyo: wewe ulikuwa hai mbele yao, na wale wengi hawakuwapo tena.

Ulikaa nasi miezi saba zaidi. Ilikuwa miezi yenye wageni. Daktari wa meno alikuja kukubali kwamba ninyi si ndugu wawili, akaishia kukung'oa jino bure. Muuza vitambaa aliketi na Mama wakilinganisha mishono na kuwasema waume. Dereva kila akipita njia yetu alisimamisha lori, na mbuzi wakapata kivuli. Ulimpigia Bi Mdogo ukiwa umeegemea mito, nyimbo nusunusu, na vidole vikikataa ulicheka, ukaguna sehemu iliyobaki. Nilikuwa nikikaa kando ya kitanda nikiwaza zile nyimbo ambazo ungezipiga nzima kama wangekuja miaka miwili kabla. Uliniona nikiwaza. Uliniambia niache. Nimejaribu.

Baba, uliponisamehe tulikuwa wawili chumbani. Leo nakuomba radhi mbele za watu, kwa sababu nilikukosea mbele yao: niliwanyima wao, na nilikunyima wewe. Ulinilea niwe mpole nikageuka kuwa kufuli. Tangu uondoke nimejifunza kuuliza. Hata kazini siku hizi najikuta nagonga mlango wa daktari na kusema, "Kuna mtu hapa, utamwona?" Anashangaa. Mara nyingi anasema ndiyo.

Siku ya mazishi Watu wa Chini walisimama nyuma kabisa. Kaka akawafuata akiwasihi wasogee mbele na familia. Dereva akafuta macho kwa fulana yake, akasema, "Tuache hapahapa, ndugu yangu. Kwa mzee tumezoea huku." Baadaye walikuja mbele wenyewe, mmoja mmoja, kutia udongo.

Na agizo lako wamelitimiza. Mwalimu na wenzake wamechapisha kijitabu chenye nyimbo mia mbili na kumi na nne, na chini ya kila wimbo majina ya waliopiga, walioitikia na waliorekodi, kwa jumla wote kumi na tisa, na wewe wa ishirini. Dada watatu wale, mmoja bado yu hai. Dada yetu alimpelekea nakala mwenyewe. Alivaa miwani, akajitafuta kwa kidole, akajikuta, akaomba asomewe tena kwa sauti. Nakala nyingine zilipelekwa kwenye vituo vya redio. Vingi havikujibu. Kimoja kilijibu.

Wiki iliyopita Mama alikwenda duka la vyombo kutafuta mfuniko wa sufuria. Redio ilikuwa ikicheza juu ya rafu. Mtangazaji akautaja wimbo, akamtaja mwimbaji, kisha bila kubadili sauti, kama jambo la kawaida, akasoma mpiga ngoma ni fulani, kinanda fulani, na besi ni wewe, majina yako yote mawili. Mama akabaki amesimama na mfuniko mkononi.

Binti wa dukani akamwuliza, "Mama, huo ndio saizi yako? Nikufungie?"

"Ngoja kidogo, mwanangu," Mama akasema. "Mume wangu hajamaliza."

Binti akachungulia nje, barabarani, kumtafuta huyo mume. Hakuona mtu. Akamgeukia Mama, akamwona ametazama redio, akaelewa au hakuelewa, hatujui. Lakini alinyoosha mkono, akaongeza sauti. Wakasikiliza wote wawili mpaka mwisho.

Unakumbukwa na mkeo mpenzi, aliyekushonea. Na mwanao wa kwanza, fundi majokofu, pamoja na mkewe. Na binti yako mkubwa, mwalimu wa chekechea, pamoja na mumewe. Na mimi kitinda mimba wako. Na wajukuu zako watano, Pilipili akiwa mbele yao. Na dada yako uliyemfuata ziwa. Na shemeji zako wote. Na walimu na wanafunzi wa shule uliyotunza stoo yake. Na mjane wa fundi mitambo. Na Dereva, Mwalimu, Kinyozi, Daktari, Mama Vitambaa na Watu wa Chini wote, popote walipo barabarani na majumbani.

Pumzika, Baba. Kukusahau hatukujui, wala hatutajifunza.